Namna ya Kutazama na Kupiga Picha Korongo wa Mwambao

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu katika kaunti ya Kilifi, nilitumia asubuhi nzima kumfuata yangeyange mmoja, yaani korongo mweupe, juu ya tope. Kila nilipobakiza hatua hamsini aliinua shingo, akaruka, akatua hatua mia moja mbele, nami nikaanza upya, viatu vimejaa tope na jasho likiniingia machoni. Mzee mmoja aliyekuwa akikagua madema yake alinitazama kwa muda. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akaniuliza: “Mwanangu, ndege huyo unampiga picha au unamfukuza?” Sikuwa na jibu. Akanionyesha mchu mmoja, mti wa jamii ya mikoko, uliosimama peke yake ukingoni mwa mkondo, akaniambia nikae kivulini pake nisubiri maji yaanze kujaa, kwani maji ndiyo yatakayomleta ndege. Haikupita saa moja, yangeyange yule yule, au labda ndugu yake, alikuwa akivua hatua kumi na mbili kutoka nilipoketi, akirudi nyuma kidogo kidogo kila maji yalipompanda juu ya goti.

Maelekezo yanayofuata yanahusu mwambao wa Kenya na Tanzania, na yanaanzia pale alipoanzia mzee yule, yaani kwenye maji. Kamera itakuja baadaye.

Mwezi kwanza, saa baadaye

Ratiba ya korongo wa pwani hupangwa na maji kupwa na kujaa. Maji yanapopwa, tope, mchanga na miamba hubaki wazi, samaki wadogo na kamba hunaswa kwenye vidimbwi, na ndege hutawanyika kwenda kula. Maji yanapojaa kabisa hawana tena mahali pa kusimama, hivyo hujikusanya juu ya mikoko au kwenye miamba mirefu wakapumzika, mara nyingi kichwa kikiwa kimezamishwa mabegani. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji makavu na maji yaliyojaa kwenye pwani yetu hufikia takriban mita 4, na kwa kuwa sehemu nyingi zina fukwe tambarare sana, bahari huweza kurudi nyuma kilomita nzima au zaidi. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba maji makavu kabisa hayamfai, kwa sababu ndege yuko mbali mno, na maji yaliyojaa kabisa hayamfai pia, kwa sababu ndege amelala. Kinachomfaa ni saa za katikati, na kati ya hizo napendelea zile ambazo maji yanajaa kuliko zile ambazo yanapwa. Maji yanayopwa humchukua ndege na kumpeleka mbali nawe, ilhali yanayojaa humsukuma kuelekea kwako, tena bila wewe kuinua mguu.

Jambo la pili ni jua. Kwenye mwambao wetu bahari iko mashariki, kwa hiyo anayesimama ufuoni asubuhi na kutazama majini analitazama jua usoni. Ndege humtokea kama kivuli cheusi juu ya maji yanayometameta. Jambo hilo lina uzuri wake kwa anayetaka picha za namna hiyo, lakini halisaidii kumtambua ndege wala kuona manyoya yake. Kuanzia saa tisa alasiri jua huwa nyuma yako, na kadiri linavyoshuka mwanga huwa laini na wenye rangi ya dhahabu. Njia ya mbao ya Mida, ile inayoning'inia katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, iko upande wa bara wa hori, na wanaoizoea huenda jioni kwa sababu hiyo.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji kwenye pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na huwa makavu mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukihesabu utaona kwamba kufikia mwezi tano au sita, yaani siku ya tano au ya sita tangu mwezi kuandama, na tena mwezi ishirini au ishirini na moja, maji makavu huangukia mnamo saa saba au saa nane mchana, kisha bahari huanza kurudi na kuendelea kujaa mpaka magharibi, wakati jua liko nyuma yako na ndege wanasukumwa kuja upande wako. Hizo ndizo siku ninazozizungushia duara kwenye kalenda. Wavuvi wanaohesabu kwa mwezi watakueleza vivyo hivyo bila kufungua jedwali lolote. Wewe usiyekulia pwani tafuta jedwali la maji la mamlaka ya bandari ya nchi uliko, kisha ukumbuke kwamba saa zake ni za bandari kubwa. Ndani ya hori yenye mlango mwembamba kama Mida, maji huchelewa nyuma ya bahari ya nje, na kiasi cha kuchelewa hujifunzwa kwa kuchomeka kijiti mchangani na kukitazama siku mbili tatu.

Siku za maji mafu, zilizo kati ya bamvua moja na nyingine, usizidharau. Bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kasi, na ndege hula karibu na ukingo kwa muda mrefu. Asiyekuwa na uzoefu wa tope aanze nazo.

Upepo nao una neno lake. Korongo huruka akiwa ameukabili upepo, na hutua vivyo hivyo. Wakati wa kusi, upepo ukivuma kutoka kusini, ndege anayeondoka atakuelekezea mkia ikiwa umekaa kaskazini yake, na picha ya mkia haina mnunuzi. Keti upande upepo unakotoka naye atakuja usoni. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka.

Kumjua unayemtazama

Neno korongo lenyewe linahitaji uangalifu, kwa sababu wengi hulitumia kwa ndege yeyote mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu. Wale weupe wengi tunawaita yangeyange, na kamusi zina pia neno kulastara, ambalo siku hizi halisikiki sana vinywani. Alama moja inatosha kuwatenga korongo tunaowazungumzia hapa na wenzao wanaofanana nao: wanaporuka safari ya mbali huikunja shingo na kuirudisha kati ya mabega, umbo la herufi S, ilhali ndege wengine warefu wa aina hiyo hunyoosha shingo mbele kama mkuki. Mfupa mmoja wa shingo yao ni mrefu kuliko mingine, nao ndio unaoiwezesha kujikunja na kufyatuka kama mtego. Ukilifahamu hilo unaelewa pia kwa nini picha nzuri ya korongo ni suala la sekunde moja tu baada ya dakika ishirini za kutotokea chochote.

Katika pwani hii mwenye kuvutia kuliko wote kwa macho yangu ni yangeyange wa miamba anayeitwa kitaalamu Egretta dimorpha, ambaye hupatikana pwani ya Afrika Mashariki, Madagaska na visiwa vya jirani. Jina hilo linamaanisha mwenye maumbo mawili, na kweli hutokea kwa rangi mbili: mmoja mweupe pe, mwingine wa kijivu kilichokolea kukaribia weusi, mwenye koo jeupe. Si dume na jike, wala si mkubwa na kinda. Ni rangi mbili tu za ndege mmoja, na huenda ukawakuta wamesimama bega kwa bega kwenye mwamba ule ule. Mweupe humchanganya mtazamaji na yangeyange mdogo wa kawaida, naye pia ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama hao ni ndege wawili au mmoja. Ushauri wangu ni kutompa jina yule mweupe aliye peke yake mwambani mpaka umwone na wenzake, na kuandika “yangeyange mweupe, mdomo mweusi” bila aibu.

Yangeyange mkubwa hutambulika kwa shingo yenye pindo kali na kwa mstari wa pembe ya mdomo unaopita nyuma ya jicho. Kwa yule wa kati, mwenye mdomo wa njano, mstari huo huishia chini ya jicho. Darubini ya kawaida inakuonyesha jambo hilo mita 40. Korongo kijivu na korongo kichwa-cheusi wanalingana kimo, nao hutenganishwa wanaporuka: wa kwanza ana chini ya mbawa kijivu kitupu, wa pili ana nyeupe mbele na nyeusi nyuma. Kichwa-cheusi hupenda mashamba na nyasi kuliko maji, usishangae ukimkuta kwenye minazi akiwinda mijusi. Mkubwa wao wote, korongo Goliathi, hufikia kimo cha mita 1.5 na ndiye korongo mkubwa kuliko wote duniani. Hukaa peke yake kwenye midomo ya mito na kingo za mikoko, na hutembea kama mtu anayehesabu pesa. Yule mdogo mwenye mgongo wa kijani na kijivu, asiyezidi sentimita 45, hujificha ndani ya mizizi ya mikoko akiwa ameinama juu ya maji, na watu wengi humpita mara kumi kabla ya kumwona mara moja. Yupo pia korongo mweusi anayekunja mbawa mbele ya kichwa kama mwavuli na kuvua ndani ya kivuli chake mwenyewe. Mtafute zaidi kwenye mabwawa ya chumvi na vidimbwi vya maji yaliyotulia kuliko kwenye mawimbi.

Mgeni mmoja anastahili uangalifu wa pekee. Korongo mdogo wa Madagaska, Ardeola idae, huzaliana huko na kwenye visiwa vichache vya karibu, kisha hutembelea Afrika Mashariki kati ya Mei na Oktoba hivi, na yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Akiwa kwetu havai manyoya yake meupe ya kuzaliana, bali huwa na michirizi ya kahawia iliyokolea shingoni na kifuani, mipana kuliko ile ya binamu yake, Ardeola ralloides, tunayemwona mwaka mzima, na mdomo wake ni mnene zaidi. Ukimpata, piga picha ya ubavuni, ya kifua na ya mdomo hata kama mwanga ni mbaya, kwa kuwa hapo picha ni ushahidi kabla ya kuwa pambo.

Kukaa na kusogea

Chagua mahali kabla maji hayajaanza kurudi. Tafuta mkondo mdogo unaoingia tambarareni, kwa sababu maji yanayojaa hupita mikondoni kwanza na samaki wadogo huyatangulia, nao korongo hujipanga kandokando. Keti chini, mgongo kwenye shina au mwamba, nguo zikiwa za rangi ya udongo au majani makavu, na umbo lako lisionekane juu ya upeo wa macho. Mtu aliyesimama kwenye tambarare tupu huonekana na ndege kutoka mbali mno. Aliyeketi hugeuka kuwa kisiki. Nguo nyeupe iache nyumbani. Simu izimwe sauti. Kofia yenye ukingo mpana husaidia kwa jua na pia huficha uso, ambao kwa ndege ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote pamoja na macho mawili yanayomkodolea.

Ikiwa ni lazima usogee, sogea kwa mshazari, usimwendee moja kwa moja, na usogee pale tu anapokuwa ameinamisha kichwa kuwinda. Anapoinua shingo, simama. Korongo ana lugha anayoizungumza kwa shingo na inafaa kuijua kwa moyo. Shingo iliyolegea yenye umbo la S ni utulivu. Shingo iliyonyooka wima, mdomo ukiwa sambamba na ardhi, ni swali: “Wewe ni nani?” Shingo hiyo hiyo ikiambatana na mwili kubonyea chini na manyoya kubanwa ni jibu, naye anaondoka katika pumzi inayofuata, mara nyingi hunya kwanza ili apunguze uzito. Ukifika kwenye swali rudi hatua tatu na uketi. Ukifika kwenye jibu umeshamkosea, kwani kila kuruka kusiko na lazima kunamlia nguvu na muda wa kula ambao maji hayatamrudishia mpaka yapwe tena.

Dalili za kushambulia ni tofauti na ni tamu kuzitazama. Hutulia kuliko alivyokuwa. Kichwa huinama upande kidogo, kwa sababu macho yake yamewekwa hivi kwamba anaweza kutazama mbele chini ya mdomo wake, na kwa sababu mwanga hupinda unapotoka majini na samaki haonekani pale alipo kweli. Korongo husahihisha kosa hilo mwenyewe kabla ya kufyatua. Kisha shingo hurudi nyuma polepole sana, magoti hukunjika, na mwili husogea mbele bila miguu kusogea. Bonyeza wakati mwili unapoanza kusogea. Ukisubiri mdomo uguse maji utakuwa na picha nyingi za rasharasha na kisogo.

Yangeyange wa miamba na yule mdogo wana mchezo mwingine: hutikisa mguu mmoja ndani ya maji ili vidole vya njano viwashtue kamba waliojificha, kisha hukimbia, hufungua bawa moja, hugeuka ghafla. Hapo usiangalie saa yako. Nimekaa na mmoja alasiri nzima kwenye mashamba ya mwani upande wa mashariki wa Unguja, akipita kati ya kamba za kufungia mwani na vijiti vya kina mama huku wao wakivuna mwani, wala hakuna aliyemjali mwenzake. Ndege aliyezoea watu wanaofanya kazi hukuruhusu kusogea kuliko yule wa pwani tupu. Ila waombe ruhusa wenye shamba kwanza, na usiwapige picha wao bila kuwauliza.

Kamera

Lenzi ndefu kuliko uwezo wa mfuko si lazima. Kwenye kamera yenye kihisi kikubwa, lenzi ya milimita 400 humjaza yangeyange wa sentimita 60 kwenye fremu nzima akiwa umbali wa takriban mita 10, na aliyesubiri maji atampata umbali huo. Kwa lenzi hiyo hiyo Goliathi hatoshei mpaka awe mita 25 kutoka kwako, na mara mbili nimemkata miguu kwa kusahau hilo. Korongo bila miguu ni kama ngalawa bila matengo, kwa hiyo acha nafasi chini ya miguu pia, ili taswira yake majini nayo iingie.

Ndege aliyesimama huridhika na kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde. Anayefyatua shingo au kuruka anataka 1/2000 au zaidi. Upenyo wa lenzi wa f/5.6 hadi f/8 unatosha kulainisha mikoko ya nyuma huku mdomo na jicho vikiwa wazi pamoja, jambo ambalo si dogo kwa ndege ambaye mdomo wake peke yake ni mrefu kama kiganja. Lenga jicho daima. ISO, yaani kipimo cha kamera kuhisi mwanga, iache ipande; chembechembe kwenye picha husameheka, ukungu wa ndege aliyetikisika hausameheki.

Tatizo kubwa la pwani ni rangi, nalo linahitaji maelezo marefu kidogo. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila kinachoingia ndani yake kina weupe wa wastani. Yangeyange mweupe aliyesimama kwenye tope jeusi huidanganya: inaona giza tele, inaongeza mwanga, na ndege anageuka karatasi isiyo na unyoya hata mmoja. Yule wa kijivu kilichokolea juu ya mchanga mweupe huidanganya upande wa pili, naye hugeuka tundu jeusi lenye mdomo. Suluhisho ninalolitumia ni kuacha kuitegemea kamera iamue. Maadamu jua halijafunikwa na wingu, mwanga unaomwangukia ndege ni ule ule, awe juu ya tope au juu ya povu. Kwa hiyo naweka kila kitu kwa mkono, napiga picha moja ya ndege mweupe, naitazama kwenye kioo huku onyo la sehemu zilizoungua kwa mwanga likiwa limewashwa, na napunguza mwanga kidogo kidogo mpaka onyo lizimike na niweze kuona nyuzi za manyoya ya mgongoni zikitengana moja moja. Nikishafika hapo siigusi tena mpaka jua lishuke kiasi cha kuonekana. Wakikutana wale wawili, mweupe na mweusi, kwenye mwamba mmoja, nampimia mweupe na kumwacha mweusi awe mweusi. Faili ghafi (RAW) huhifadhi maelezo mengi kwenye giza ambayo huweza kuinuliwa nyumbani, lakini weupe ulioungua haurudi.

Kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji hukuonyesha samaki chini ya mdomo wa ndege, ila hula mwanga mwingi. Mimi hukitumia mchana kwenye vidimbwi vya miamba tu.

Badala ya kubeba tripodi kwenye tope, ambako miguu yake huzama na kukataa kutoka, beba mfuko wa kitambaa kigumu wenye zipu. Ukifika ujaze mchanga mkavu, uulaze juu ya mzizi au jiwe, na lenzi iketi juu yake. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka ardhini, ndege huonekana kama anavyoonekana na ndege mwenzake, na nyuma yake hubaki maji na mikoko iliyofifia badala ya tope lenye alama za viatu vyako.

Kuhusu droni, nchi zote mbili zinadai kibali kabla ya kuirusha, na kwa korongo waliolala kwenye mikoko haina faida yoyote isipokuwa kuwatawanya. Iache.

Mambo yanayoweza kukuumiza

Maji yanayojaa hayaji kutoka mbele tu. Nilikuwa kwenye fungu moja la mchanga siku ya bamvua, nimeinamia kioo cha kamera, Goliathi yuko mbele yangu akimeza mkunga, na sikutazama nyuma kwa muda wa robo saa. Mkondo kati yangu na ufuo, niliouvuka maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu, ulikuwa umefika kifuani na unakwenda kwa nguvu. Nilivuka begi likiwa kichwani, na mabegi hayaelei. Tangu siku hiyo hutazama mkondo wa nyuma kila baada ya dakika tano, na jani la kwanza likianza kuelea kuelekea ndani naondoka, hata ndege awe anafanya nini.

Kwenye midomo ya mito kuna wengine wanaowinda. Sabaki karibu na Malindi kuna viboko na mamba, na vivyo hivyo Wami na Rufiji. Huko usikae kwenye ukingo wa maji yenye kina, na usitembee alfajiri bila mwenyeji. Saadani, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na inapakana na Bahari ya Hindi, wanyama wakubwa hushuka mpaka ufuoni, kwa hiyo kutembea kwa miguu ni jambo la kupangwa na askari wa hifadhi. Katika maji ya kina kifupi buruta miguu badala ya kuiinua, ili samaki taa aliyejifukia mchangani apate kusikia na kuondoka kabla hujamkanyaga. Viatu viwe vya soli ngumu kwa ajili ya miiba na chaza. Maji ya kunywa beba mara mbili ya unavyodhani.

Viota ni mpaka. Korongo hujenga kwa makundi juu ya miti, na mtu akiingia chini yao wazazi huruka wote kwa pamoja, makinda na mayai yakabaki kwa jua na kunguru. Kwa hiyo picha ya kiota nimeamua kutoipiga kabisa isipokuwa kutoka mbali ambako hakuna shingo iliyonyooka, na mahali pake sipataji. Na usimlipe mtoto arushe jiwe ili ndege waruke kwa kishindo. Nimeshaona jambo hilo likifanywa na mtu mzima mwenye vifaa vya bei kubwa, na watoto wa mahali pale sasa huwakimbilia wageni wenye kamera wakiwa tayari wameshika mawe.

Baada ya kurudi

Usibadilishe lenzi ufuoni. Hewa ya bahari imejaa chumvi laini usiyoiona, nayo hutulia kwenye kioo na kwenye viungio vya chuma. Ukifika, kitambaa safi kiloweshwe maji baridi yasiyo na chumvi, kikamuliwe mpaka kisidondoke, kisha ufute mwili wa kamera na lenzi kwa nje kabla ya kukausha kwa kitambaa kingine. Futa chumvi ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa ikikauka inakuwa msasa. Kama unalala kwenye chumba chenye kiyoyozi, funga kamera ndani ya begi lake na uiache ipoe taratibu, na asubuhi uitoe nje ikiwa bado begini, usifungue kwa nusu saa, la sivyo kioo kitajaa ukungu na utakaa ukikipuliza huku ndege wakila.

Usiku huo huo, kabla ya kuchagua picha, andika kwenye daftari tarehe ya mwezi, saa ya maji makavu jinsi ulivyoiona mwenyewe, upepo, mahali ulipoketi na idadi ya kila aina ya korongo, pamoja na wale usiowapa jina. Orodha hizo hupokelewa na Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, na atlasi ya ndege ya Tanzania. Mimi huzisoma tena mwaka unaofuata mwezi ukifika tarehe tano, ili nijue ni mchu upi wa kuketi chini yake.